Paka akikojoa juu ya msala: hofu, ngozi na usafi wa wanyama wa nyumbani

Karibu kila mtaa wa Unguja na Pemba unakijua kisa hiki. Paka aliyelelewa ndani miaka miwili, anayejua pahala pake pa kujisaidia, siku moja anakojoa juu ya msala. Kesho yake ni kitandani, keshokutwa ni kwenye kanga zilizorundikwa zikingoja kukunjwa. Paka mwenyewe ni tohara, hilo halina mjadala, lakini mkojo wake ni najisi na msala lazima ufuliwe. Ikifika siku ya nne anatiwa kwenye polo, anakwenda kuachwa sokoni Darajani au pwani kwa wavuvi. Aliyemwacha anaamini amejiondoshea paka jeuri. Mara nyingi amemtupa paka mgonjwa ambaye angepona kwa wiki moja.

Mambo yanayomsumbua paka au mbwa wa nyumbani yamesukwa pamoja kama miyaa kwenye ukili: ukivuta mmoja, wa pili unakuja. Hofu huumiza kibofu. Kibofu kikiuma, paka hujiramba tumbo mpaka manyoya yanakwisha. Manyoya yakikwisha, mwenye nyumba hudhani ni viroboto, akampaka dawa inayomdhuru zaidi. Ndiyo maana kila dalili inafaa ichunguzwe pamoja na nyumba anamoishi mnyama: nyufa zake, mikeka yake, jikoni kwake na kelele zake.

Tuanze na mkojo

Swali la kwanza ni kama paka anakojoa au anajaribu kukojoa. Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo, hasa kwa dume. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, na huzibwa na punje ndogo za madini zilizochanganyika na ute. Dume aliyezibika huingia kwenye beseni lake mara kumi kwa saa, anachuchumaa, anakaza, analia, halafu mkojo hautoki au hutoka tone lenye damu. Hujiramba sehemu za siri bila kuacha. Baadaye anatapika, anakataa chakula, anajificha, na ukimgusa tumbo kwa nyuma unahisi kitu kigumu kama limau au chungwa dogo. Usikibinye, ni kibofu, na hupasuka. Mkojo uliozuiwa huipandisha potasiamu ndani ya damu, na potasiamu ikizidi moyo husimama. Kutoka kuziba kabisa mpaka kufa ni siku moja hadi tatu. Hakuna dawa ya nyumbani kwa hili. Daktari wa mifugo humtia paka usingizi na kupitisha mpira mwembamba kuufungua mkojo. Mtu asisubiri asubuhi.

Ikiwa mkojo unatoka, lakini kidogo kidogo, mara nyingi, na mahali pasipo pake, basi pengine kibofu kimevimba ndani bila ya kuwa na vijidudu. Kwa paka walio chini ya miaka kumi hii ndiyo hali ya kawaida zaidi, na kichocheo chake kikubwa ni wahka: mgeni nyumbani, paka mpya mtaani anayekuja dirishani usiku, fundi anayebomoa ukuta, mtoto mchanga, kuhama nyumba. Mwili wa paka mwenye hofu ya muda mrefu huulegeza utando unaokinga ukuta wa kibofu, mkojo ukauchoma. Kwa kuwa vijidudu havimo, vidonge vya antibayotiki havisaidii. Tatizo ni kwamba hali hii mara nyingi hupoa yenyewe ndani ya wiki moja, kwa hiyo chochote alichopewa siku hizo, kiwe kidonge, kombe au maji ya mchaichai, hupewa sifa ya kumponya. Mwezi wa pili anarudia, na watu wanashangaa dawa imeisha nguvu vipi.

Kwa nini msala na kitanda? Paka akikojoa huku anaumia, huliunganisha lile beseni na maumivu. Anatafuta pahala laini, pasafi, penye harufu ya watu anaowaamini. Msala una sifa zote hizo. Kumchapa au kumsugua pua kwenye mkojo kunamwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyoleta mkojo.

Kufua kwenyewe kuna namna yake. Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, isikutane na mkojo ambao haujasuuzwa, kwani mchanganyiko wake hutoa mvuke unaochoma kifua. Na ukitumia sabuni yenye harufu ya amonia, paka husikia harufu ya mkojo na kurudi palepale. Kwanza nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu, mimina maji baridi mengi, kisha siki na maji nusu kwa nusu, uache robo saa, suuza, anika juani. Maji ya moto huigandisha harufu kwenye nyuzi.

Beseni la kujisaidia huwa ndilo kosa kubwa la nyumba zetu. Kanuni ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada: paka wawili, mabeseni matatu, tena yasiwekwe yote pembeni pamoja, maana paka huyahesabu kama moja. Urefu wake uwe mara moja na nusu ya paka kutoka pua hadi mwanzo wa mkia. Maranda ya fundi seremala yanafaa, na mchanga wa shamba uliochekechwa unafaa pia, kina cha sentimita tatu hadi tano. Mchanga wa pwani una chumvi inayoshika unyevu na kunata miguuni, kwa hiyo usuuzwe kwa maji ya mvua na kukaushwa kwanza. Maranda ya mbao iliyopakwa dawa ya mchwa yasitumike hata kidogo. Kinyesi kiondoshwe kila siku, si kwa ajili ya harufu tu. Vijidudu vya toksoplazma vinavyotoka na kinyesi cha paka huchukua kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza, na anayeondosha kila siku huwa amevitangulia. Mama mjamzito amwachie mtu mwengine kazi hiyo, na kama hakuna, avae glavu na kunawa vizuri.

Maji ndiyo dawa ya kibofu iliyo rahisi kuliko zote. Paka wa kilo nne anahitaji kiasi cha mililita 200 hadi 250 kwa siku, zikiwemo zile zilizomo ndani ya chakula. Anayelishwa dagaa wakavu au chakula kikavu cha dukani hanywi vya kutosha. Weka bakuli pana la udongo, mbali na chakula na mbali kabisa na beseni, libadilishwe maji asubuhi na jioni. Kila mlo utie vijiko viwili vitatu vya maji ya samaki yaliyochemshwa bila chumvi.

Mwisho wa habari ya mkojo ni pahala pa kujificha. Katoni lenye tundu la kuingilia na tundu la kutokea, nafasi iliyoachwa juu ya kabati, ubao dirishani. Paka akiwa juu na mgongo wake una ukuta, hutulia. Aliyejificha asivutwe kwa miguu. Mwache, weka chakula hatua mbili tatu kutoka pale alipo, keti kando, mtazame kwa kufumba na kufumbua macho polepole. Kwa paka hiyo ni salamu ya amani.

Manyoya yamekwenda wapi?

Mahali paliponyonyoka panasema mengi. Mgongoni karibu na shina la mkia, pamoja na vipele vidogo vyenye ukoko, ni viroboto mpaka ithibitike vyengine. Tumboni na ndani ya mapaja, ngozi safi isiyo na jeraha, ni maumivu ya kibofu au wahka. Mviringo usoni, masikioni au miguuni wenye magamba ni mapunye, na mapunye huhamia kwa watoto wa nyumba hiyo hiyo. Ukoko mzito wa kijivu unaoanzia ncha za masikio na mwasho usiotulia ni upele. Pitisha kidole kwenye sehemu iliyonyonyoka dhidi ya uelekeo wa manyoya: ukisikia miba midogo kama ndevu zilizonyolewa jana, manyoya yamekatwa kwa ulimi. Paka huyo anajiramba mwenyewe, hata kama hujamwona, kwa sababu wengi hufanya hivyo usiku.

Viroboto havihitaji kuonekana ili vithibitike. Chukua kitana cha chawa, kipitishe mgongoni, kung'uta kinachotoka juu ya kitambaa cheupe kilichorowa. Chembe nyeusi zikiacha duara jekundu ni damu iliyomeng'enywa, ni kinyesi cha kiroboto. Vumbi la kawaida halitoi rangi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anamkogesha paka, anaua viroboto kumi alivyoviona, na wiki mbili baadaye viko vilevile. Kiroboto jike huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili baada ya kunyonya damu, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayanati, yanateleza na kuangukia popote paka anapolala: chini ya busati, kwenye mkeka, katika nyufa za sakafu. Yanatoka mabuu yanayokimbia mwanga, kisha hujifungia ndani ya kifuko kinachonata na kushikwa na mchanga. Kifuko hicho hakipenywi na dawa, na kinaweza kungoja miezi. Kinachokiamsha ni joto, mtikisiko na pumzi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa huku wenyewe wako shamba kwa wiki nyingi huwapokea kwa viroboto mlangoni: walikuwa wakingoja nyayo. Wale unaowaona juu ya mnyama ni sehemu ndogo tu ya walio nyumbani.

Mabuu hufa kwa ukavu. Kwa hiyo mikeka na matandiko ya paka yaanikwe jua la saa sita, yageuzwe pande zote, kila wiki. Nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya moto sana. Nyufa zifagiwe na taka zitiwe ndani ya mfuko uliofungwa na kutolewa nje siku hiyo hiyo. Wakati wa masika unyevu huwapa viroboto kila wanachotaka, basi kazi hii ianze mwezi wa Februari kabla ya mvua. Mnyama naye, na wanyama wote wa nyumba kwa pamoja, wapewe dawa ya matone ya nyuma ya shingo kulingana na uzito, kila baada ya wiki nne, kwa miezi mitatu bila kuruka. Miezi mitatu ndiyo muda wa kuwamaliza waliokuwa kwenye vifuko. Anayeacha baada ya mwezi mmoja kwa kuwa haoni tena kiroboto anaanza upya.

Mtoto wa paka aliye chini ya wiki nane asipakwe dawa yoyote. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mtoe viroboto kwa kitana, mkaushe mara moja kwa taulo. Vitoto hufa kwa baridi upesi kuliko kwa viroboto, ingawa viroboto vingi navyo huwamalizia damu. Vuta mdomo utazame ufizi, ukiwa mweupe kama karatasi muone daktari siku hiyo.

Ini la paka na karafuu za Pemba

Pemba ni kisiwa cha karafuu, na mafuta yake yamo katika nyumba nyingi: kwa jino, kwa kuchua, kwa kufukuza wadudu. Ni jambo la kawaida kabisa mtu kuwaza kumpaka paka mafuta ya karafuu ili viroboto wakimbie. Viroboto hukimbia kweli, na paka anaweza kufa.

Ini la binadamu na la mbwa huifunga sumu nyingi kwa aina fulani ya sukari ili itoke na mkojo. Paka ameumbwa mlaji nyama mtupu, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo anacho kidogo mno. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni ya jamii ya fenoli, na fenoli ndizo hasa zinazohitaji njia hiyo. Zinabaki mwilini zikiliunguza ini. Tena paka hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo kila kinachopakwa ngozini kinaishia tumboni. Mafuta ya mdalasini yamo katika kundi hilohilo. Karafuu kavu zilizoanikwa uani hazina hatari hiyo kwa paka anayepita juu yake. Hatari imo katika mafuta yaliyokamuliwa.

Kwa mantiki hiyohiyo jihadhari na dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Weupe huo mara nyingi ni alama ya fenoli. Sakafu ikipigwa deki kwa dawa hiyo isuuzwe na ikauke kabla paka hajapita. Panadol ni mbaya zaidi: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ndani ya saa chache ufizi unakuwa wa rangi ya udongo au buluu, uso na miguu inavimba, pumzi inakuwa nzito, kwa kuwa damu haibebi tena hewa.

Dawa ya kogeshea ng'ombe na mbuzi dhidi ya kupe nayo hutumiwa sana kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kipimo cha ng'ombe hakimfai mbwa, na kwa paka hakuna kipimo salama cha nyingi kati ya hizo. Vilevile matone ya mbwa yenye permethrini yakitiwa kwa paka humletea mtetemeko na degedege; soma karatasi ya dawa, na kama haikutaja paka usitie. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na yakirambwa hupenya mapafuni. Kwa ajali yoyote ya ngozini, osha mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mfunge taulo asijirambe, na umpeleke kwa daktari pamoja na chupa au karatasi ya dawa. Usimtapishe na usimpe maziwa.

Samaki si neema tupu

Kisiwani paka huishi kwa samaki, na watu huona ndicho chakula chake cha asili. Kwa kiasi ni sawa. Lakini samaki wadogo wa jamii ya dagaa wakiliwa wabichi siku zote wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Baada ya wiki kadhaa paka anainamisha kichwa hadi kifuani, anayumba, mboni zinatanuka, kisha degedege. Kuchemsha dakika kumi kunakiua kimeng'enya hicho. Dagaa waliochemshwa na kuliwa pamoja na miba yao laini ni chanzo kizuri cha kalisi. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe nusu saa na maji ya kwanza yamwagwe.

Paka wa kilo nne hutosheka kwa gramu 180 hadi 200 za nyama au samaki aliyepikwa kwa siku, akigawiwa mara mbili au tatu. Kitu anachokosa kwa urahisi ni taurini, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha; ikipungua moyo unapanuka na macho yanapofuka. Imo kwa wingi katika moyo wa ng'ombe na wa kuku, na hutoka kwenda kwenye maji ya kuchemshia, basi mpe na supu yake. Moyo mara mbili tatu kwa wiki, maini mara moja tu, kwani vitamini A ikizidi huifanya mifupa ya shingo ishikane. Mwenye uwezo wa kununua chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa kinajitosheleza kwa paka amejipunguzia hesabu zote hizi. Wali na ugali havimjengi paka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Masalio ya futari ndiyo mtego. Kitunguu maji na thomu huvunja seli nyekundu za damu za paka na mbwa, vikiwa vibichi, vimepikwa au vimesagwa ndani ya mchuzi. Kwa paka gramu tano za kitunguu kwa kila kilo ya mwili zimekwisha kuonesha madhara, maana yake gramu 20 kwa paka wa kilo nne, yaani kipande tu kilichomo katika bakuli la mchuzi wa biriani. Dalili hazitokei siku ile: siku tatu nne baadaye ufizi unapauka na mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na hakuna anayekumbuka sambusa aliyopewa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo.

Na kwa wanaoishi pwani: bunju wanaotupwa na wavuvi mchangani wafukiwe. Sumu yake haiondoki kwa moto wala kwa jua, na mbwa huwala.

Mbwa uani

Mbwa wengi wa visiwani ni wa ulinzi, na wengi wanaowafuga wanafuata madhehebu ya Shafi, ambamo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halizuii utunzaji mzuri, linahitaji mpango tu: chombo cha mbwa kiwe chake, kuwe na glavu, brashi na nguo moja ya kazi inayotundikwa uani, na kona ya kukogeshea isiyo njia ya kuingilia ndani. Ninachokiona kibaya ni kule kumsogelea mbwa kwa fimbo tu mwaka mzima kwa kisingizio cha tohara. Mbwa asiyeguswa na mkono ni mbwa ambaye kupe zake hazionekani mpaka amelala chini.

Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda nyumba zetu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina vijitundu visivyohesabika, na jike akishiba damu hushuka kwa mbwa, akapanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai ndani ya ufa. Kwa hiyo kumtoa kupe mbwani ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuziba nyufa kwa chokaa au saruji kuzunguka pale anapolala mbwa, hadi kimo cha kiuno na zaidi. Kupe huyu huambukiza homa inayopunguza chembe za kugandisha damu: mbwa anakosa hamu ya kula, anatoka damu puani, ana madoa mekundu tumboni. Inatibika mapema, baadaye ni shida. Kumtoa kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota. Ukimpaka mafuta ya taa au kumchoma kwa kijinga cha moto anatapika mate yake ndani ya jeraha, ndiyo yenye ugonjwa.

Kuogesha mbwa kila baada ya wiki nne hadi nane kunatosha. Mchane kwanza akiwa mkavu, kwani fundo likirowa hukaza. Tia pamba laini masikioni. Anza kwa kumzungushia povu shingoni kama mkufu, ili viroboto visipande kichwani, ndipo ushuke mgongoni, tumboni na miguuni. Uso uwe mwisho, kwa kitambaa tu. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha suuza tena, kwani sabuni iliyobaki ndiyo inayoleta mwasho siku ya pili. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, ndoo ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya mfereji. Mbwa aliyekoga baharini naye asuuzwe, na masikio yake yakaushwe kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni. Sikio linalonuka tui lililochacha, lenye nta ya kahawia, lina fangasi. Masika huleta mengi. Usiingize kijiti cha pamba.

Paka haogeshwi, ila akimwagikiwa na rangi au mafuta. Anatosheka na brashi mara mbili tatu kwa wiki, na wa manyoya marefu kila siku. Fundo lisikatwe kwa mkasi karibu na ngozi, kwani ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika na lile fundo. Lifungue kwa vidole na unga kidogo wa wanga.

Kucha zikatwe kwa vipande vya milimita mbili. Katika kucha nyeupe unaona mshipa wa waridi, acha nafasi mbele yake. Katika kucha nyeusi, tazama sehemu iliyokatwa: ikitokea doa jeusi laini katikati, simama. Ukikosea, bana kwa unga wa mahindi dakika tatu.

Joto lina hesabu yake. Mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na hatoi jasho la maana, anapumua tu kwa ulimi. Unyevu wa kaskazi ukizidi, hata pumzi haimpoozi. Mbwa wa kilo kumi anahitaji nusu lita ya maji kwa siku kwa uchache, na zaidi siku za jua kali. Mnyororo chini ya bati ni tanuri. Akianza kuyumba, ulimi mwekundu sana, mate mazito, mmiminie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, ndipo umbebe kwenda kwa daktari. Barabara ya lami ikikushinda kuiwekea kiganja cha nyuma kwa sekunde saba, itamuunguza nyayo.

Sikukuu, fataki na wageni

Mwezi wa Ramadhani saa za nyumba hugeuka: jikoni panachemka alasiri, watu wanakesha, watoto wako macho hadi daku. Wanyama huishi kwa saa. Wiki moja kabla, sogeza mlo wao robo saa kila siku mpaka ufike wakati mpya, na baada ya Idi urudi vivyo hivyo.

Usiku wa Idi fataki huwafanya mbwa wakate kamba na paka wapotee kwa siku tatu. Mpe mbwa matembezi marefu alasiri, mlishe kabla ya magharibi, kisha mtie kwenye chumba au banda lisilo na dirisha la barabarani, feni na redio vikilia. Paka awe ndani kabla ya jua kutua, na katoni lake. Mbwa anayetetemeka akija karibu yako, mkubalie. Kumtuliza hakumfundishi woga. Vidonge vya usingizi vya binadamu visitumike.

Waliohama nyumba wamfungie paka ndani wiki mbili hadi tatu, kwanza chumba kimoja chenye nguo yenye harufu ya nyumba ya zamani. Akiachiwa mapema atajaribu kurudi alikotoka, na akifika barabara kuu hajui magari yake.

Watoto wafundishwe kumsoma mbwa kabla hajauma. Kupiga miayo bila usingizi, kuramba midomo, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, kukakamaa ghafla: zote ni kauli za kuomba nafasi. Mkia unaotikisika haumaanishi furaha siku zote; ukiwa juu na mgumu kama mjiti, rudi nyuma bila kukimbia. Mbwa anayerushiwa mawe kila akipita mtaani amekwisha kujifunza kwamba mtoto ni hatari, na mtoto atakayeumwa huenda si yule aliyerusha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mnyama akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Paka naye achanjwe. Pemba inajua maana yake: ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa kwa kampeni za kuchanja mbwa, mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kuchanja upya kijiji kwa kijiji hadi ulipokatika mwaka 2018. Kinachohitajika ni asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe na kinga, wakiwemo wale wasio na mwenyewe. Minyoo nayo ina ratiba yake: vitoto kila wiki mbili tangu wakiwa na wiki mbili au tatu hadi wiki nane, kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu.

Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kabla ya kitu chochote kingine. Lisipakwe kahawa, majani wala mafuta ya karafuu, na lisifungwe kwa kubana. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano, hata kama jeraha ni dogo. Mnyama asiuawe na asifukuzwe. Afungwe, alishwe, atazamwe siku kumi: akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Akifa au akitoweka kabla ya hapo, mwambieni daktari siku ileile.